Nati ya Mzee Mbaruku

Jina la nchi yetu silitaji hapa. Sijalisahau. Ni kwamba kulitaja nje ya sherehe kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali inafunguliwa siku za sherehe tu. Wewe jua kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo mrefu, na ina mawaziri wengi kuliko mito. Na mimi naipenda. Mtu asije akasema sikusema.

Miaka ya karibuni nchi yetu iliingiliwa na wezi wa magurudumu. Unaegesha gari nje ya msikiti, ukitoka unalikuta limekalia matofali kama kuku anayeatamia. Wananchi tukalalamika. Serikali yetu ni sikivu, ikasikia. Lakini haikuhangaika na wezi, maana wezi ni wachache na hawajulikani wanakolala. Ikahangaika na wenye magari, ambao ni wengi na nyumba zao zina namba. Ikaundwa Wizara ya Amani ya Magurudumu, ikapewa jengo, jengo likapewa zulia, na zulia likapewa waziri wa kulikanyaga.

Sheria ya kwanza ya Wizara: kila gurudumu lifungwe nati moja ya kufuli. Nati ya kufuli haina pembe kama nati za kawaida. Kichwa chake ni cha duara, kina mikunjo ya ajabu ajabu, na haifunguki mpaka upachike juu yake kipande cha chuma chenye mikunjo hiyohiyo, ndipo spana ipate pa kushika. Kipande hicho ndicho ufunguo. Ukubwa wake ni wa kidole gumba cha mtu aliyeshiba, na kila gari lina wa kwake.

Sheria nzuri kabisa. Wezi wakaacha kuiba magurudumu, wakawa wanaiba kwanza ufunguo, halafu magurudumu.

Wizara ikaenda kukaa kikao kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wakarudi wamepata rangi na sheria ya pili: kila mwananchi akabidhi ufunguo wake kwa Wizara, utunzwe na taifa. Tukapanga foleni. Tukaimba. Waziri akasema redioni, "Kuanzia leo hakuna mwizi atakayeweza kufungua gurudumu la raia!" Na ni kweli tupu. Hata raia mwenyewe hakuweza tena.

Ndiyo maana ukipita barabara zetu unaona magari yamesimama pembeni, watu wameyaanikia mihogo. Siku hizi mtu akipata pancha, anauza kiwanja alichotoka, ananunua kingine pale gari liliposimama. Nasikia kuna vijiji vimeanza hivyo, na kimoja tayari kina diwani.

*

Mzee Mbaruku ni jirani yangu. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na bado akikupa kitu anakupa kama anakupa barua, kwa mikono miwili. Mkewe, Bi Mwatumu, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu alitujua kwa vikohozi. Mimi nikisafisha koo tu mlangoni, utamsikia, "Karibu jirani. Na leo tena pua yako imesikia chai."

Mwaka huu wakapata mjukuu. Bi Mwatumu alimpapasa uso mzima, akasema, "Pua ni ya kwetu. Mengine yote naambiwa, na wanaoniambia ni ninyi mliozoea kunidanganya."

Basi kukatangazwa kwamba Msonge, makao makuu ya mkoa, wamekuja madaktari wa macho kutoka nje, wanapasua bure, mwisho Ijumaa. Baada ya hapo wanapanda ndege, na kurudi kwao hakuna uhakika, maana kiongozi mmoja ameshawauliza mbele za watu kwamba macho wameleta, yeye wamemletea nini.

Mabasi hakuna. Yote yalikuwa yamechukuliwa kupeleka watu kwenye sherehe moja kubwa ya Alhamisi, na yaliyobaki yamepeleka watu kwenye mazoezi ya kushangilia. Mzee Mbaruku akasema hakuna shida, gari lipo. Na kweli gari lilikuwepo: kuukuu, jeupe, limetunzwa kama bi harusi. Jumatano asubuhi tukatoka. Mzee kwenye usukani, Bi Mwatumu kando yake amevaa kanga mpya, mimi kiti cha nyuma nimekumbatia kapu la maandazi.

"Mbaruku," Bi Mwatumu akasema njiani, "nikifumbuliwa macho wa kwanza nataka kumwona mtoto. Wewe nitakuona wa pili."

"Kwa nini wa pili?"

"Nijipe moyo kwanza."

Tulipofika Tulieni, mji wa katikati ya safari, gurudumu la mbele kushoto likapiga mluzi, likalala. Mzee akasukasuka nalo mpaka uwanja wa Mtaa wa Gereji, gari likasimama katikati ya gereji zisizopungua dazeni. Tukapeana mikono. Tuliona tuna bahati.

*

Gereji ya kwanza ilikuwa na kibao kikubwa kuliko gereji yenyewe: PROFESA WA MAGARI YA ULAYA, ASIA NA MENGINEYO. Profesa mwenyewe, Fundi Gwandumi, alikuja anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Pancha tu, mzee wangu? Hiyo ni chai, tena ya rangi. Mama wala asishuke."

Akaweka jeki, akafungua nati za kawaida kwa mbwembwe, alipofika kwenye ile ya kufuli akavua kofia kama amefika msibani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Serikalini," akasema Mzee Mbaruku.

"Ahaa." Akachuchumaa, akaitazama. Akainama, akaitazama kwa chini. Akarudisha nati zote za kawaida, akakaza. "Hii siyo kazi ya mikono sasa. Hii ni kazi ya kichwa. Niachie niifikirie." Akafungua boneti, akang'oa betri, akaipakata.

"Betri ya nini tena, fundi?"

"Ya kushikilia kazi, mzee. Mimi nisiposhika kitu cha mtu, akili haitulii kwenye gari lake."

Hapo lazima nieleze utaratibu wa Tulieni, maana ni watu wenye utaratibu. Fundi wa Tulieni hawezi kusema "siwezi." Neno hilo halipo kinywani mwake. Badala yake anasema "nimeishika," na kuthibitisha kwamba ameishika, anachukua kipande cha gari lako akakitunze kwake, mteja asije akahamia kwa jirani. Jirani naye akiona gari limeshashikwa, anajua hiyo ni kazi nzuri. Anakuja kushika na yeye.

Wa pili alikuwa Daktari Bomba. "Gwandumi?" alisema. "Gwandumi alikuwa anapasua kuni! Mzee wangu, wewe umefika kwa daktari sasa." Akaleta boksi spana ndogo, akaigongomea kwa nyundo juu ya nati ili ishike kwa nguvu. Akagonga. Akagonga. Boksi spana ikapasuka vipande viwili, kimoja kikampita sikioni.

Akaitazama nati kwa chuki. "Hii nati yako ina kiburi."

"Sasa?"

"Nimeishika." Akaondoka na rejeta na taa zote mbili za mbele. Alipogeuka tukamwomba walau atuachie taa moja. Akasema taa ni kama macho, hazitenganishwi. Akaona kanga ya Bi Mwatumu na jinsi anavyotazama upande usio na kitu, akampa pole. Halafu akarudi akachukua na honi.

Wa tatu alikuwa Madamu Sikudhani, mwenye gereji iitwayo Suluhisho la Mwisho. Yeye hakushika chombo. Alikuja na mwavuli na kiti, akakaa, akatoa hukumu: ichomelewe. Unachomelea nati nyingine juu ya hii, unazungusha, imetoka.

"Basi chomelea, Madamu," Mzee Mbaruku akasema, na nilimwona matumaini yanampanda shingoni.

"Umeme haupo, baba. Umepelekwa uwanjani. Wanajaribu taa za sherehe."

"Taa mchana?"

"Ndiyo maana unahitajika mwingi." Akatoa ishara kwa mwavuli, vijana wake wakaondoka na milango minne.

Bi Mwatumu muda wote alikuwa amekaa mle ndani na mkoba wake mapajani. "Mbaruku," akaita. "Mbona kuna upepo humu?"

"Wametoa milango, mke wangu. Wanaitunza."

"Pancha si iko chini?"

"Iko chini."

"Mbona wao wanafungua juu?"

Mafundi wa Tulieni hawabishani na wateja. Wanaishika kazi tu. Wakaja wa vioo, wakaja wa bampa, akaja mmoja mpole sana ambaye aliniamkia shikamoo, akaniuliza habari za nyumbani, na nilipokuwa namjibu nikajikuta nimekaa chini na kapu langu la maandazi, kiti cha nyuma kinaondoka begani kwake. Jua lilipozama Bi Mwatumu alikuwa amebaki kwenye kiti chake kama malkia kwenye jukwaa, usukani haupo, paa halipo, na chini yake magurudumu manne yamefungwa imara kama siku yalipotoka dukani.

"Kesho Alhamisi," akasema.

*

Asubuhi tukamwacha Bi Mwatumu kwenye kiti chake, tukaenda kwa Afisa Magurudumu wa Wilaya, Bwana Nyangulile. Ofisi yake ina viti vya wageni ila vimefunikwa nailoni, visichakae. Tulisimama.

Mzee Mbaruku akaeleza. Alieleza vizuri, kikarani, kwa mpangilio: mke, macho, madaktari, Ijumaa, pancha, ufunguo. Afisa alisikiliza huku amefumba macho, na mara mbili alitikisa kichwa kwa huzuni. Nikadhani huyu ni mtu.

"Mzee wangu," akasema mwisho, "nakupongeza. Ulikabidhi ufunguo wako kwa hiari?"

"Kwa foleni."

"Vizuri sana. Basi niseme kwa niaba ya Wizara kwamba ufunguo wako haujapotea. Katika nchi hii kitu cha mwananchi hakipotei. Uko salama, uko hapahapa Tulieni, na kwa kweli uko mahali pa heshima kuliko mimi na wewe."

Mzee Mbaruku akashika ukingo wa meza. "Nipe basi, mwanangu. Dakika tano tu. Nafungua, naurudisha."

Afisa akasimama, akatupeleka dirishani. Nje, katikati ya uwanja wa mji, kulikuwa na kitu kikubwa kama nyumba ya mwalimu, kimefunikwa shuka la rangi za bendera. Vijana walikuwa wanakipangia viti.

"Ule pale," akasema.

"Upo nyuma ya kile kitu?"

"Ndio kile kitu. Mheshimiwa Waziri aliona funguo za wananchi zimerundikana kwenye magunia, kila moja na umbo lake, ubinafsi mtupu! Akasema hapana. Tuziyeyushe, tuzitengenezee Sanamu ya Taifa ya Ufunguo. Ufunguo mmoja, nchi moja. Leo mchana anakuja kuuzindua. Na kwa nini Tulieni? Kwa sababu Mheshimiwa anaipenda Tulieni. Mama mkwe wake ndipo alipozaliwa." Akamgusa Mzee Mbaruku begani. "Wilaya yenu tulimimina siku ya mwisho. Kwa hesabu zangu wa kwako uko ubavu wa kushoto, kwa chini. Baada ya sherehe unaruhusiwa kupiga nao picha."

Mzee Mbaruku aliegemea dirisha. Alilitazama lile shuka muda mrefu. Mtu aliyefanya kazi posta maisha yake yote anajua jinsi kitu cha mtu kinavyoweza kwenda mahali na kisifike, lakini kuyeyushwa ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

"Na wenye pancha?" nikauliza mimi.

"Wizara inawahimiza kuendesha kwa uangalifu."

*

Walikuja kumchukua Bi Mwatumu sisi tukiwa bado njiani kurudi. Kamati ya sherehe ilikuwa inatafuta akina mama wa kukaa mstari wa mbele, wenye kanga mpya, na yeye alionekana vizuri sana kwa sababu gari lake halikuwa na kitu cha kumzuia asionekane. Tulipomfuata uwanja wa mji tulimkuta mbele kabisa, kapewa kibendera, hajui akielekeze wapi.

Waziri alishuka kwenye gari refu. Akahutubia. Alisema nchi nyingi duniani zina funguo nyingi na ndiyo maana zina matatizo mengi. Alisema alipokuwa mdogo alitembea kwa miguu kwenda shule, na leo, kwa sababu ya uongozi bora, wananchi wengi wenye magari nao wanatembea kwa miguu, kwa hiyo usawa umefikiwa. Tukapiga makofi. Walimu wa mazoezi ya kushangilia walisimama pembeni na vijiti.

Halafu akavuta kamba, shuka likaanguka. Kitu chenyewe kilikuwa kama chungu kilichopinduliwa kikatobolewa tundu kichwani. Lakini kilikuwa kikubwa, na ukubwa nao ni kitu.

Sasa kuna kifungu kwenye Sheria ya Sanamu za Taifa kinachosema kwamba sanamu ikizinduliwa, raia waliopo wataiona. Siyo wataitazama. Wataiona. Kila aliyeiona anyooshe mkono, maafisa wahesabu, ripoti iende juu kwamba imeonwa na watu wote. Waziri akauliza kwa kipaza sauti, "Mmeiona?"

Mikono juu, msitu mzima. Mmoja chini, mstari wa mbele.

Waziri akatabasamu kwa ajili ya kamera. "Mama yangu, wewe hujanyoosha. Umeiona sanamu yetu?"

"Sijaiona, baba," akasema Bi Mwatumu. "Mimi macho yangu mabovu. Nilikuwa naenda Msonge kutibiwa, gari letu limekamatwa na nati. Kama hiyo sanamu ni ufunguo kama mnavyosema, si mtufungulie?"

Kijiti kimoja kilianguka, kikasikika.

"Mama," Waziri akasema taratibu, "ni kubwa hivi."

"Nasikia ni kubwa. Inanizibia jua."

Pale pale Konstebo Malale akamfikia, kijana mmoja mpole, mnyoofu, akapiga saluti kwa Waziri, akamshika Bi Mwatumu mkono. Kosa: kutoiona Sanamu ya Taifa ikiwa imezinduliwa. Kesi za sanamu hazisikilizwi Tulieni. Zinasikilizwa mkoani.

"Mkoani wapi?" Mzee Mbaruku akapiga kelele.

"Msonge, mzee."

Sijawahi kumwona mume anafurahi hivyo mkewe kukamatwa. Alikimbia mbele ya Konstebo, akainua mikono yote miwili. "Na mimi siioni! Nikamate! Siioni kabisa!"

"Mzee, acha. Wewe ulinyoosha mkono, nilikuona."

"Nilikuwa najinyoosha mgongo!"

"Utakuja kama ndugu wa mshtakiwa. Na huyu jirani yako aje kama shahidi. Pandeni."

Gari la polisi halina nati za kufuli. Nilimuuliza Konstebo sababu, akaniambia polisi hawaibiwi. Tukafika Msonge saa mbili usiku bila pancha, Bi Mwatumu kakaa mbele kwa dereva kwa sababu ya umri wake, anagawa maandazi.

*

Ijumaa asubuhi tukawa mbele ya Hakimu. Hakimu alikuwa mtu wa vitabu, na vitabu vilimsumbua.

"Mwendesha mashtaka, huyu mama alikataa kuiona au alishindwa kuiona? Akikataa, ni kifungo. Akishindwa, basi Wizara ilimkalisha kipofu mstari wa mbele mbele ya Waziri, na aliyepanga viti ndiye mhalifu."

Mwendesha mashtaka akatokwa jasho. Aliyepanga viti alikuwa shemeji yake Waziri.

"Mheshimiwa Hakimu, alikataa! Yule anaona! Anajifanya tu."

"Basi thibitisha kwamba anaona."

Kukatafutwa nani wa kuthibitisha. Madaktari wa nje walikuwa bado hawajaondoka. Bi Mwatumu akapelekwa kwao chini ya ulinzi, Konstebo anamshika mkono kama anapeleka mama yake. Daktari akammulika kidogo tu, akasema huyu haoni. Mwendesha mashtaka akamwambia kwamba jibu hilo halikubaliki kisheria, Jamhuri inahitaji mama anayeona, na inamhitaji haraka. Daktari akainua mabega, akasema hilo nalo linawezekana. Wakampasua jicho moja kabla ya chakula cha mchana na la pili baada yake. Jioni wakapanda ndege yao.

Mzee Mbaruku alikaa nje ya kile chumba mchana kutwa, kofia mkononi. Hakula. Nilimpa andazi, akalishika kwa mikono miwili, akalirudisha kapuni.

Siku bandeji zilipotolewa, muuguzi alifungua taratibu, akampa na miwani nyeusi ya kukinga mwanga. Bi Mwatumu alipepesa, akapepesa, akamtazama mtu aliyesimama mbele yake.

"Wewe ndiye Mbaruku?"

"Ndiye mimi."

"Umekonda. Kumbe ulikuwa unaona shida peke yako." Akamgusa shavu, akamfuta kitu. Mimi nikatoka nje kuangalia miti.

Kesi ikarudi. Mwendesha mashtaka alikuja kifua mbele, akamwonyesha picha ya sanamu. "Mshtakiwa, unaona hii ni nini?"

"Naona. Chungu."

"Ni Sanamu ya Ufunguo!"

"Kama wewe unaona ufunguo, baba, ungepita na wewe kwa wale madaktari."

Hakimu akagonga meza, lakini kidogo tu. "Mama, mahakama imeridhika kwamba sasa unaona. Una la kusema?"

Bi Mwatumu akageuka polepole, anafaidi. Akatazama dari. "Naona paa linavuja, mmekinga ndoo, na ndoo nayo inavuja." Akatazama benchi la nyuma. "Naona askari wenu amevaa raba mguu mmoja na buti mguu wa pili." Akatazama ukutani, pale inapokaa picha ya Mtukufu Rais. "Na huyu. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa msichana. Sisi wote tumezeeka, yeye dawa gani anakunywa? Na kama anayo, mbona haipo hospitali?"

Wasikilizaji waliinama wote kufunga kamba za viatu, hata wenye kandambili.

Hakimu akasema, na nadhani alisema kwa wema, "Mama, ungebaki na lile kosa la kwanza."

Hukumu ikatoka: mshtakiwa aachiwe kwa masharti. Avae miwani yake nyeusi wakati wowote anapotazama kitu cha serikali. Apelekwe Tulieni akaione sanamu kwa macho yake mbele ya askari, kukamilisha hesabu. Na akirudia kutoona kitu chochote cha taifa, ni jela, bila daktari.

*

Konstebo Malale alituendesha mpaka uwanjani Tulieni. Bi Mwatumu akavaa miwani, akanyoosha mkono, akasema ameiona. Konstebo akapumua, akasema, "Ahsante sana, mama, nina watoto," akatuachia pale. Gari la polisi lilitakiwa kwenye sherehe nyingine.

Tukaenda kwa miguu Mtaa wa Gereji. Mzee Mbaruku alikuwa anatembea kama kijana, anaeleza mipango: tutakusanya vitu vyetu fundi kwa fundi, tutavirudisha, tutatafuta namna, jioni tuko nyumbani na mtoto. Bi Mwatumu alivua miwani, akaiweka mkobani. Mafundi siyo mali ya serikali.

Kufika pale gari lilipobaki tukakuta watu. Kamba imezungushwa, kibao kipya kimesimikwa, na Afisa Nyangulile, suti mpya, anaongoza kundi la wageni kutoka wilaya za jirani. Mafundi wote walikuwa wamekaa pembeni kwa heshima: Profesa, Daktari Bomba, Madamu Sikudhani na mwavuli wake. Walikuwa wameendelea kuishika kazi tulipokuwa mbali. Kila mmoja alikuwa ameishika mpaka mwisho.

"Mnavyoona," Afisa alikuwa anasema, "gari hili lilikaa hapa wiki nzima, mahali pa wazi, katikati ya mafundi. Na magurudumu yote manne yapo! Hili ndilo gari la kwanza la mfano la Wizara. Tangu jana ni mali ya taifa." Akatuona, akafurahi kweli. "Haa, mzee mwenyewe! Na mama! Nimesikia umepona. Njoo, mama, sogea, wageni wakuone. Unaliona gari lenu?"

Mafundi wakatazama chini. Wageni wakatoa makofi kidogo ya kumkaribisha. Mzee Mbaruku alimkamata mkewe kiwiko, akamnong'oneza kitu, nadhani alimwambia sema ndiyo.

Bi Mwatumu akasogea mpaka kwenye kamba. Akatazama kwa yale macho mapya, kushoto, kulia, juu, chini, hakuruka kitu. Chini kulikuwa na magurudumu manne, moja halina upepo, na kati ya magurudumu hewa.

"Mbaruku," akasema, "nirudishe Msonge. Kuna kitu wale madaktari wamesahau."

Mzee Mbaruku akaitazama barabara ya Msonge, akayatazama yale magurudumu.

"Nikurudishe na nini, mke wangu?"